Maji yanapita wapi? Maswali yenu kuhusu zege la pakingi lililopasuka

Masika ikishaisha huwa najua tu, mana simu inajaa picha za nyufa. Watu wanakaa mwaka mzima wanapita juu ya zege lao bila kulitazama, mvua ikikatika wanatoka nje na kikombe cha chai, wanakuta maji yametuama hapo mbele ya geti, ndo wanapiga picha wanatuma, wengine bila hata salamu. Toleo hili nimechukua maswali manne. La kwanza, la mama wa Goba, nimelijibu kirefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya nyie wengi mlioniandikia kuhusu pakingi, kwa hiyo kama lako hulioni hapa lisome hilo kwanza kabla hujaninunia.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Goba, Dar, nyumba tumehamia 2019. Kutoka getini mpaka barazani tulimwaga zege, urefu mita 11 hivi na upana mita 3, unene nadhani inchi 4, kipande kimoja kizima. Mwaka wa kwanza tu ukatokea ufa katikati, fundi akaja akaziba na saruji, ukarudi, akaziba tena, ukarudi. Sasa masika hii ule upande wa karibu na tenki la maji umezama, ukisimama unaona kabisa umeshuka kama inchi moja na nusu, maji yanatuama na mtoto kashajikwaa mara mbili. Fundi mmoja kanipa bei ya kupiga sakafu mpya ya inchi moja juu ya yote iwe sawa, mwingine anasema tubomoe zote tuweke pevingi, vile vitofali vya kupanga. Mume wangu yeye kanitupia ile methali ya usipoziba ufa. Nifanyeje, na je nikiwa na vijana wawili wa nguvu naweza kuifanya hii kazi bila kampuni? – Mama, Goba

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mtoto. Mwambie baba watoto kwamba wewe ufa umeziba, tena mara mbili, kwa hiyo methali yake umeshaitekeleza na bado.

Nianze kwa kukutenganishia mambo mawili ambayo fundi wako wa kwanza kayachanganya. Ule ufa wa katikati ni jambo moja, na huku kuzama karibu na tenki ni jambo jingine kabisa, hawana baba mmoja wala mama mmoja.

Ufa wa katikati kwanza. Zege likishashika linaendelea kukauka na likikauka linasinyaa, hesabu ya haraka haraka ni kama nusu milimita kwa kila mita, kwa hiyo njia yako ya mita 11 ilitaka kufupika milimita 5 hivi. Sasa chini limeng'ang'ania ardhi haliwezi kufupika kwa amani, linachanika. Ndo mana zege la nje linakatwa jointi mapema, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kwa unene wa inchi 4 unakata kila mita 2.5 mpaka 3, kina cha mkato robo ya unene, yaani inchi moja inatosha, ufa unakuja kutokea humo humo ndani ya mkato na hakuna anayeuona. Njia yako ilitakiwa iwe na mikato mitatu au minne, haikuwekwa hata mmoja, zege likajikatia lenyewe mahali lilipopenda. Ufa wa namna hiyo hauangushi nyumba ya mtu. Na saruji aliyozibia ilikuwa lazima ing'oke kwa sababu zege linatanuka mchana na jua likizama linajikunja, saruji ngumu haivutiki hata unywele, utaziba kila mwaka mpaka uzeeke.

Kuzama ndo kesi yenyewe. Zege halizami, kinachozama ni udongo, zege linaufuata tu. Na udongo hauwezi kuzama hivihivi baada ya miaka yote hiyo bila kuwa na kitu kinachouondoa au kinachoukandamiza, na kwa haya uliyoniambia mimi nina washukiwa wawili. Wa kwanza ni maji ya tenki lenyewe: boya likiharibika tenki linajaa na kumwagika usiku kucha mahali pale pale, maji yanapenya pembeni ya zege yanachukua mchanga wa chini kidogo kidogo yanaondoka nao. Wa pili ni boza, lile gari la kuuza maji. Hebu jiulize nani anakujazia maji mgao ukikaza? Kama boza linaingia ndani, basi lile la lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, hapo hujahesabu gari lenyewe, wakati gari dogo kama IST ni tani moja na kidogo. Zege la inchi 4 halikumwagwa kwa ajili ya mgeni wa namna hiyo.

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji nataka ufanye uchunguzi, hauna gharama. Chukua kipande cha nondo au mtalimbo, gonga zege kuanzia getini ukienda kwenye tenki kila hatua moja, penye udongo chini palioshikana mlio unakuwa mzito mfupi, penye uwazi unasikia kama unagonga debe. Chora kwa chaki mpaka pale mlio unapobadilika. Halafu mwaga ndoo ya maji taratibu kwenye ufa wa upande uliozama, yakitoweka yote bila kujaa jua chini kuna pango. Usiku funga koki zote, hakikisha tenki limejaa na halivuti, soma mita, asubuhi soma tena kabla mtu hajaoga, namba ikiwa imetembea una bomba linalovuja chini, na kama linapita chini ya hapo hapo basi tumemaliza upelelezi. Upana wa ufa nao upime, huna haja ya kifaa, kadi ya benki ina unene wa robo tatu ya milimita hivi, ufa ambao kadi haiingii usikunyime usingizi. Ila kingo zote mbili za ufa ziwe zimelingana kwa kimo, mana upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake hata kama ufa ni mwembamba, hiyo ni habari ya udongo.

Sasa hao mafundi wako wawili. Huyu wa inchi moja juu ya yote mwambie asante na umfungulie geti. Nasema hivo kwa uchungu kwa sababu hii ndo kazi inayoliwa hela kuliko zote mjini hapa. Tabaka jembamba la mchanga na saruji juu ya zege la zamani lenye mafuta ya gari na vumbi halishikani, jua la Dar linalichoma linanyanyuka, ukigonga baada ya miezi mitatu linalia kama sufuria, tairi zikikata kona linabanduka mapande. Na hata lingeshikana, lile pango chini bado lipo, umemwongezea mzigo tu mgonjwa. Tabaka la juu linalojitegemea kwa gari linataka inchi 3 mpaka 4, hapo umeshamwaga zege jipya zima na geti halifunguki tena mana njia imepanda.

Wa pevingi hajakosea sana, ila kubomoa mita 11 zote kwa ajili ya mita mbili tatu zilizozama ni kumtahiri mtu kwa panga. Ulaya na Marekani wanayo njia ya kutoboa matundu kwenye slebu (bamba la zege) iliyozama na kusukuma chini uji wa saruji au povu maalumu mpaka inanyanyuka yenyewe, nzuri sana, kwao kibarua ni ghali kuliko zege. Kwetu ni kinyume, vijana wapo na nyundo ipo, kwa hiyo tunakata kipande kilichozama, tunakitoa, tunatibu chini, tunamwaga kipya.

Kazi inaenda hivi. Kwa mstari wako wa chaki ongeza kama futi moja kuelekea kwenye zege zima, piga mstari ulionyooka kwa uzi, fundi mwenye grainda akate kina cha inchi moja na nusu hivi, akate huku mtu anamwagia maji kidogo mana lile vumbi la zege ni sumu ya mapafu, tena avae maski na miwani, na grainda usiwape hao vijana kama hawajawahi kuishika, mimi kidole kimoja nilikiacha karibu karibu kwa ujanja huo. Baada ya mkato, nyundo ya kilo 6 na mtalimbo vinamaliza, hapo ndo vijana wako wataonesha misuli. Tuseme kipande chako ni mita 3 kwa 2.5, hilo zege la kutoa ni karibu tani moja na robo tatu, wape maji ya kunywa.

Ukishafunua usikimbilie kujaza. Kaa chini utazame. Kama kuna bomba, lifukue ulitazame viungo vyake. Kama kuna tope, chimba mpaka ufike udongo ambao mtalimbo unagoma. Halafu lete kifusi kizuri chekundu, ujaze kwa tabaka za sentimita 15 zisizozidi, kila moja ushindilie, kompakta ya kukodi siku moja inatosha, kishindilio cha mkono nacho kinafaa kwa eneo dogo ila utoke jasho la kweli. Kifusi kiwe na unyevu wa kiasi: kifinyange mkononi, kikikaa tonge bila kukulowesha kiganja ndo penyewe, kikisambaratika ongeza maji, kikikulowesha kiache kwanza kipigwe na jua. Kumwaga kifusi futi mbili kwa mpigo halafu kushindilia juu ndo kulikokuleta hapa ulipo, juu pagumu chini uji.

Kimo cha zege jipya kipime kwa uzi na pima maji. Usitafute usawa kamili kama sebuleni, zege la nje linatakiwa limwage maji, sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni au bustanini, kamwe si kuelekea ukuta wa nyumba. Kabla ya kumwaga toboa zege la zamani kwenye ule ukingo uliokatwa, ingiza vipande vya nondo laini za milimita 12, kila sentimita 30, nusu iwe ndani ya zege la zamani na nusu itokeze, ile iliyotokeza ipake grisi. Hizo zinafanya kipande kipya na cha zamani visipande wala kushuka kila mtu kivyake, na grisi inaruhusu zege kuvuta na kusukuma bila kupasuka. Tandika nailoni, panga mbao za kingo.

Mchanganyiko: moja mbili tatu, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na saruji iwe ya nguvu ya 42.5. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 unaenda na mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo tano na kijirobo. Kipande chako kitakula mifuko 6 na kidogo, nunua 7. Kokoto tafuta zile ngumu za Lugoba, hizi nyeupe za matumbawe za hapa pwani zinanyonya maji na ni laini, kwa njia ya gari sizitaki. Na maji, jamani maji! Mfuko mmoja usizidi lita 25, ndoo moja na robo, mchanga ukiwa umelowa punguza. Vibarua wanapenda zege la kumiminika kama uji wa mgonjwa kwa sababu halichoshi kusambaza, na kila kopo linaloongezwa ni nguvu inatoka, simama hapo hapo usiende kupika.

Ukishamwaga na kusawazisha kwa ubao, subiri yale maji yanayopanda juu yapotee yenyewe ndo usugue. Mafundi wetu wana tabia ya kunyunyiza saruji kavu juu ili inyonye maji wamalize haraka wakawahi daladala, hilo ganda litabanduka. Na usikubali kupigiwa niru, ule uji wa saruji tupu wa kulainisha sakafu, hiyo ni ya ndani, nje mvua ikinyesha utateleza na gari litateleza, pitisha fagio la chelewa kwa upole liache mistari. Weka jointi pale linapokutana na la zamani. Kesho yake anza kumwagilia, siku 7, funika na magunia mabichi au nailoni. Zege halikauki likawa gumu, linakunywa maji likawa gumu, ukiliacha na jua siku ya kwanza umelinyima maziwa. Gari dogo liingie baada ya wiki moja kama umelimwagilia kweli. Boza lisiingie kabisa, lisimame nje livute mpira.

Ule ufa wa katikati wa zamani sasa: upanue kwa grainda uwe kama sentimita moja, toa vumbi lote, sindikiza kamba ya sponji chini, juu yake jaza ule mpira wa kuzibia wa poliyurethani unaouzwa kwenye tyubu kama silikoni. Ukiona bei ni kali, lami ya moto iliyochanganywa na mchanga laini inafanya kazi miaka kadhaa, haipendezi tu. Na bomba la kumwagia la tenki lipeleke mbali na zege, bila hilo tutaandikiana tena 2030.

Kuhusu kufanya mwenyewe: kuvunja, kuchimba, kushindilia na kumwagilia, ndio. Kukata na siku ya kumwaga mtafute fundi mmoja wa kueleweka, mana zege la kipande hicho ni karibu tani mbili zinazotakiwa ziwe zimechanganywa, zimemwagwa na kusawazishwa ndani ya asubuhi moja, ukijichanganya katikati huwezi kulirudisha kwenye mfuko. Vijana wavae buti na glavu, zege bichi linachoma ngozi polepole, mtu hasikii mpaka jioni.

SWALI: Sasa fundi. Mimi niko Kitengela. Njia ya gari tulimwaga simiti, balasti safi, hadikoo (mawe ya chini) tuliweka. Kitu inanishangaza ni hizi nyufa, Januari Februari zinafunguka mpaka unaingiza kidole, mvua ikianza zinajifunga na zege inanyanyuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Jirani ananiambia hii ploti ina mambo. Nitumie nini kuziba? – Baba Watatu, Kitengela

JIBU: Ndugu yangu, ploti haina mambo, ina udongo mweusi, ule mnaouita blakikotoni, na nyie wa Kitengela na Athi River mmeukalia kweli kweli. Udongo huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka wenyewe, nguvu yake ya kuvimba inanyanyua slebu ya inchi 4 kama kifuniko cha sufuria ya ugali. Kwa hiyo usitumie chochote kuziba, utakuwa unalipa kodi kila msimu.

Dawa ni kuutoa. Chimba shimo la majaribio pembeni ujue tabaka jeusi lina kina gani, kama linaisha kwenye futi mbili tatu una bahati, toa lote, rudisha moramu, kile kifusi chekundu chenye changarawe, kwa tabaka na kushindilia kama nilivyomweleza mama wa Goba. Kama halina mwisho basi toa unachoweza, na akili yako yote ielekeze kwenye unyevu usibadilikebadilike: mtaro wa kuondoa maji ya paa, maua ya kumwagilia kila siku yasiwe ukingoni mwa zege, na ukingo wa moramu utokeze nje kidogo ya upana wa njia.

Na hapo juu mimi kwako nisingerudisha zege. Weka kabro, ndo vitofali vya pevingi hivyo. Hii ndo sehemu moja ambayo pevingi inalishinda zege bila mjadala, mana udongo ukicheza kabro zinacheza nao bila kupasuka, na palipozama unang'oa eneo hilo tu, unasawazisha mchanga, unazirudisha zile zile kwa mchana mmoja. Za milimita 60 zinatosha gari dogo, kama lori linaingia nunua za 80. Kingo zifungwe kwa zege, zisipofungwa zitatawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji.

SWALI: Assalam alaikum fundi. Hapa kwetu Tanga kuna mkrismasi mkubwa jirani na pakingi, alioupanda marehemu babu, mizizi imeinua zege inchi mbili na limepasuka. Mama hataki mti ukatwe. Je nikikata mizizi tu? Na pili, mchanga wa ufukweni upo wa bure, naweza kuutumia? – Mjukuu, Tanga

JIBU: Waalaikum salam. Kwenye la mti niko upande wa mama. Mkrismasi mizizi yake mikubwa inatambaa juu juu na ndo inayoushikilia, ukikata ule mnene karibu na shina kwa ajili ya kusawazisha pakingi, siku ya upepo wa kusi mti unakuja kuegesha juu ya gari. Mizizi myembamba ya kidole gumba iliyo mbali na shina kata kwa msumeno mkali, isichanwe kwa shoka, hiyo haina neno. Iliyo minene iache, toa zege eneo hilo, weka moramu na kabro au kokoto tu, ardhi ipande kidogo pale iwe kama kijituta, gari litapita. Pakingi ya kivuli Tanga mwezi wa pili si kitu cha kuchezea.

Mchanga wa ufukweni hapana. Una chumvi na chumvi inakula nondo, nondo ikiota kutu inavimba inalipasua zege kutokea ndani, halafu ufuko wenyewe mnauchota mpaka bahari inakuja uani. Chumvi ipo pia kwenye visima vingi vya pwani, yaonje maji kabla ya kuchanganyia, ukihisi chumvi ulimini usiyaweke kwenye zege lenye chuma.

SWALI: Fundi za kazi. Dodoma, tumemwaga jana saa tano asubuhi, leo zege lote lina vijufa vidogo vidogo kama utando wa buibui, fundi kaniambia ni kawaida. Nimpige? – Kijana, Dodoma

JIBU: Usimpige. Nusu kasema kweli. Jua la saa sita na upepo wa Dodoma vimenyonya maji ya juu kabla zege halijashika, ngozi ya juu ikapasuka, chini kwa kawaida zege ni zima. Kama kadi haiingii, mwagilia sana wiki nzima, zikikauka pitisha uji wa saruji mwepesi uliotiwa ule utomvu mweupe unaouzwa hadiwea kwa jina la SBR, sukuma kwa fagio uingie, futa juu. Ila nusu ya pili ya kosa ni yake, saa tano asubuhi kwa Dodoma hamwagi mtu zege, mnaanza alfajiri au saa kumi jioni na nailoni iko mkononi tayari. Hela ya mwisho izuie mpaka siku 7 za kumwagilia ziishe, utaona atakavyokuja mwenyewe na ndoo.

NYONGEZA: Wakati nafunga ukurasa huu mama wa Goba kanitumia picha. Wameshafunua, na mimi nimeumbuka nusu: boza haliingii kwao, na bomba ni zima. Chini ya zege kulikuwa na kisiki cha mnazi, aliyesafisha kiwanja alikata mti akafukia kisiki, maji ya tenki yamekiozesha taratibu miaka yote hii, kimebaki shimo la ukubwa wa pipa lenye ungaunga mweusi na mchwa. Nilipaswa kuuliza kiwanja kilikuwa shamba la nini, na Goba yenyewe ni kawaida kabisa. Anauliza kama vile vipande vya zege la zamani anaweza kuvirudishia humo. Anaweza, ila kwanza atoe hiyo mbolea yote mpaka mzizi wa mwisho, vipande avivunje viwe vya ukubwa wa ngumi, na kila tabaka lichanganywe na kifusi kijaze nafasi katikati na kishindiliwe, asivitupe vikubwa vikubwa vikaacha mapango mengine. Mchwa apulizie dawa, asubiri siku mbili, ndo aendelee.